Kumi na sita ipi? Kubadilisha programu ya Java bila msimbo chanzo

Leo ni zamu ya Java, na hasa ile sehemu ya Java ambayo waandishi wengi wa programu hawaifungui kamwe: faili la .class. Tunaandika msimbo, kompaila inaukoroga, faili linatoka, tunalipeleka kwenye seva na maisha yanaendelea. Chuoni kilichomo ndani kinapewa mhadhara mmoja na swali moja la mtihani, basi. Lakini kuna siku faili hilo ndilo kitu pekee ulicho nacho. Msimbo chanzo haupo, aliyeuandika hapatikani kwa simu, na programu lazima ibadilike kabla ya wiki kwisha. Ufanye nini?

Jibu ni kwamba inawezekana kabisa kuingia ndani ya faili lililokwisha kutafsiriwa na kulibadilisha. Nitaeleza jinsi lilivyo, kisha kazi moja niliyoifanya 2020, kisha kisa kimoja kikubwa kilichoisumbua dunia 2021. Kama hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa Java usikimbie. Hesabu zilizomo ni za dukani tu.

Kilichomo ndani ya faili

Kompaila ya Java haitafsiri msimbo wako moja kwa moja hadi lugha ya chipu ya kompyuta yako. Inautafsiri kuwa baitikodi, lugha ya katikati ambayo husomwa na mashine pepe ya Java. Kampuni ya Sun Microsystems ilipoitoa Java 1995 ilitaka programu moja ikimbie kwenye kila aina ya kompyuta bila kuandikwa upya, na baitikodi ndiyo iliyowezesha hilo. Faida yake ya pembeni ni kwamba muundo wa faili hili hauna siri. Yeyote anayetaka kutengeneza mashine pepe lazima aweze kulisoma, kwa hiyo kila baiti imeelezwa katika waraka ulio wazi kwa wote.

Fungua faili lolote la .class kwa kihariri cha heksadesimali. Baiti 4 za kwanza ni CA FE BA BE, mzaha wa James Gosling na wenzake ambao umebaki hadi leo. Mashine pepe isipoziona hizo hailigusi faili. Baada yake kuna nambari ya toleo, halafu bohari ndefu ya majina na thamani, halafu orodha ya methodi za klasi hiyo, na ndani ya kila methodi ndiyo kuna baitikodi yenyewe.

Hapa ndipo lugha za obijekti zinapotusaidia. Katika Java kila klasi ina faili lake. Klasi moja ikitaka huduma ya nyingine huiita kwa jina, na jina hilo limeandikwa kwa herufi za kawaida ndani ya bohari. Kuunganishwa kwenyewe hufanyika programu ikiwa tayari inakimbia. Maana yake ni kwamba unaweza kutoa klasi moja, ukaitengeneza, ukairudisha mahali pake, na zile 300 nyingine zisijue kwamba kuna fundi aliyepita. Ukijaribu hivyo kwa programu ya C iliyotafsiriwa hadi lugha ya chipu utatoka jasho.

Sasa tuchukue methodi moja. Nimeirahisisha ili itoshe hapa:

int ushuru(int bei) {
    return bei * 16 / 100;
}

Ikipita kwenye kompaila inabaki baiti 8 tu. Hizi hapa, kwa heksadesimali:

1B 10 10 68 10 64 6C AC

Tuzisome pamoja. Mashine pepe hufanya hesabu kwa rundo, kama sahani zinavyopangwa jikoni moja juu ya nyingine: unaweka juu, unatoa juu. 1B inasema weka bei kwenye rundo. 10 inasema weka kwenye rundo nambari ndogo inayofuata, na inayofuata ni 10, ambayo kwa heksadesimali ndiyo 16 yetu. 68 inachukua mbili za juu, inazizidisha na kurudisha jibu. 10 64 inaweka 100. 6C inagawanya. AC inampa jibu aliyeuliza. Kwisha!

Angalia zile 10 mbili zilizofuatana. Ya kwanza ni agizo, ya pili ni nambari. Ukitaka ushuru uwe asilimia 14 unabadilisha ya pili iwe 0E, umemaliza. Baiti moja. Lakini tuseme umeshika ya kwanza. 0E ikikaa mahali pa agizo ina maana nyingine kabisa: weka sufuri ya desimali kwenye rundo. Hapo ile 10 ya pili inageuka kuwa agizo, inaimeza 68 na kuiita nambari 104. Kisha 100 inawekwa, 104 inagawanywa kwa 100, jibu linakuwa 1. Bei iwe shilingi 50 au shilingi 50,000, ushuru ni 1.

Kwa bahati nzuri mashine pepe ina mkaguzi mlangoni. Faili lenyewe limetangaza kwamba methodi hii inahitaji rundo la nafasi 2. Bei imekalia nafasi 1, na ile sufuri ya desimali inataka 2 peke yake. Jumla 3, hapatoshi. Mkaguzi anaikataa klasi nzima kabla haijafanya hesabu yoyote na anakutupia kosa la VerifyError. Mimi humpenda sana mkaguzi huyu. Ila ujue mpaka wa kazi yake: anaangalia kama programu imetii sheria za mashine. Hajui ushuru ni nini. Ukiweka 14 mahali ambapo palistahili kubaki 16, atakupungia mkono upite.

Duka la Nakuru

Machi 25, 2020, siku ya Jumatano, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza hatua za kupunguza makali ya korona. Mojawapo ilikuwa VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, kushuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1. Wananchi walifurahi. Waandishi wa programu wengi nchini walishika vichwa, kwa sababu walipewa siku 7 tu.

Alhamisi nilipigiwa simu kutoka duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Nilikuwa nimemaliza chuo si muda mrefu na nilikuwa nikiishi kwa vibarua. Programu yao ya kuuzia ilikuwa ya Java, iliandikwa 2006 na kampuni ndogo ambayo ilishafunga. Msimbo chanzo haukuwahi kukabidhiwa. Walichokuwa nacho ni kompyuta 3 za kaunta, faili moja la jar, na karatasi ya mkataba iliyosema kwamba programu ni mali ya duka. Karatasi hiyo niliomba kuiona kabla ya kugusa chochote, na wewe ufanye vivyo hivyo, maana si kila programu uliyonunua umepewa ruhusa ya kuifungua.

Kwa nini 16 iliandikwa ndani ya msimbo badala ya kuwekwa kwenye faili la mipangilio? Ni rahisi kumlaumu aliyeandika. Lakini VAT ilishuka kutoka 18 hadi 16 mwaka 2003 na ikakaa hapo karibu miaka 17. Mtu akiona nambari imetulia hivyo huichukua kama ukuta wa nyumba.

Kulikuwa na jambo la kweli la kuogopa. Fundi wa mashine ya ETR alikuwa amepanga kuja kuiweka kwa asilimia 14. Kama programu ingeendelea kuandika ankara za 16 huku mashine ikitoa risiti za 14, kila mauzo yangekuwa na karatasi mbili zinazopingana, na mzee mwenye duka ndiye angejibu. Kufunga duka hakukuwa njia. Watu 11 walikuwa wakilipwa mshahara pale, na miezi iliyokuwa mbele hakuna aliyejua itakuwaje. Isitoshe, kafyu ilianza Ijumaa, kwa hiyo kufikia saa moja jioni kila mtu alitakiwa awe kwake. Hakukuwa na kukesha kwenye kazi.

Nilitoa nakala 2 za jar, moja ya akiba na moja ya kazi. Nikaangalia kama imetiwa sahihi ya kidijitali, kwa sababu ukibadilisha klasi ndani ya jar yenye sahihi, Java itaikataa. Haikuwa nayo. Kisha nikatumia javap, chombo kinachokuja na Java yenyewe, kuzitoa klasi zote katika maandishi yanayosomeka, na nikatafuta kila mahali nambari 16 inapowekwa kwenye rundo.

Zilitoka 41.

Mpwa wa mzee alikuwa ameketi karibu nami. Akasema, "Si uzibadilishe tu zote ziwe 14 twende nyumbani?"

Swali lake halikuwa la kijinga hata kidogo. Kwa baiti, zote 41 zinafanana kama mapacha. Na niliipata hata klasi moja yenye jina VAT limeandikwa wazi na 16 kando yake. Mtu angedhani amefika, abadilishe hapo pekee. Kumbe haingesaidia kitu. Katika Java ukiandika thamani kama static final, kompaila hainakili jina mahali unapoitumia. Inanakili thamani yenyewe. Lile jina zuri alilolichagua yule mwenzetu wa 2006 lilibaki kwenye klasi yake kama kibao cha duka lililohama, na kila kwingineko ilibaki 16 tupu. Tena 16 isiyosema ni ya nini.

Kwa hiyo kazi yenyewe haikuwa kubadilisha. Ilikuwa kuuliza kila moja kati ya 41: wewe ni 16 ipi?

Nyingine zilijitambulisha haraka. Ukubwa wa herufi. Nafasi za mwanzo za orodha ambayo itajazwa baadaye. Upana wa safu kwenye karatasi ya printa. Moja ilinisimamisha. Ilikuwa katika methodi iliyoweka 8, 10, 12, 16, 20, 25 kwa mfuatano, kisha ikazidisha nambari kwa nambari hiyohiyo na kugawanya kwa 162. Nikatoka nje kwenye ua nikamuuliza kijana wa kupakia mizigo kama nambari hizo zinamwambia kitu. Hakufikiria hata sekunde. "Hivyo ni vyuma," akasema. "Hiyo ya katikati ni Y16."

Ilikuwa hesabu ya uzito wa vyuma vya zege. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Chuma cha milimita 16 chenye urefu wa mita 12 kina karibu kilo 19. Tungeweka 14 hapo, programu ingekiita kilo 14 na nusu. Duka hilo liliuzia makontrakta vyuma kwa kilo, kwa hiyo kila chuma kingetoka getini na kilo 4 na nusu za bure. Mkaguzi wa Java asingesema neno. Wangekuja kugundua wakati wa kuhesabu stoku, ikiwa duka lingefika huko.

Mwishowe 16 za VAT zilikuwa 9. Lakini haikuishia hapo. Bei nyingi za rejareja huandikwa zikiwa na ushuru tayari ndani, na ili kuutoa unazidisha kwa 16 kisha unagawanya kwa 116. Ukitafuta 16 pekee, 116 hutaiona! Zilikuwa 4, na kila moja ilitakiwa iwe 114. Tuseme mifuko 10 ya simiti imeuzwa kwa Sh6,000 ushuru ukiwa ndani. Kwa asilimia 14 ushuru ni Sh736 na senti. Ukibadilisha 16 ukasahau 116 unapata Sh724 na senti. Tofauti ni zaidi ya shilingi 12, ndogo kiasi cha kutoonekana na mtu, na kubwa kiasi cha kumpa mzee usumbufu hesabu za mwezi zikipelekwa. Kulikuwa pia na maandishi 3 ya "VAT 16%" yanayochapishwa kwenye ankara. Hayo hayana shida, kwa sababu kwenye bohari kila maandishi hutanguliwa na urefu wake, na "14" ina herufi 2 sawa na "16".

Swali la mhasibu

Ijumaa saa sita mchana ningeweza kusema nimemaliza. Baiti 13 na maandishi 3. Nilimwonyesha mhasibu wa duka, mama aliyeitumia programu ile tangu siku ya kwanza. Aliisikiliza hadithi yangu yote ya rundo na sahani kwa uvumilivu, kisha akauliza jambo moja.

"Na mteja akirudisha mzigo wa Machi?"

Hapo nikakaa chini. Mzigo uliouzwa Machi 20 ulilipiwa ushuru wa 16. Ukirudishwa Aprili 10, lazima pesa zirudishwe kwa 16. Na programu ile haikuhifadhi ushuru wa ankara. Iliukokotoa upya kila ankara ilipofunguliwa. Siku tungeweka 14, ankara zote za miaka 14 iliyopita zingegeuka kuwa za 14 pia. Kilichotakiwa si nambari nyingine. Kilitakiwa kitu kinachoangalia tarehe.

Hapa kihariri cha heksadesimali kinaishia. Ile 10 10 yetu ni baiti 2. Nilichotaka badala yake ni maagizo 3: chukua ankara yenyewe, toa tarehe iliyomo ndani yake, ipeleke kwenye klasi mpya ikajibu kiwango cha siku hiyo. Hizo ni baiti 7. Ukichomeka baiti 5 za ziada katikati ya methodi, kila kitu kilicho chini yake kinasogea, na kila agizo la "ruka hadi mahali fulani" linaanza kuruka mahali pasipo. Kusahihisha hayo yote kwa mkono ni mateso.

Kwa bahati kuna waliotangulia kuteseka. Mjapani Shigeru Chiba aliunda Javassist, inayokuwezesha kuandika kiraka kwa lugha inayofanana na Java yenyewe. Mfaransa Eric Bruneton aliunda ASM, ambayo husoma klasi agizo kwa agizo, inakukabidhi kila moja, nawe unaamua kulipitisha lilivyo au kulibadilisha. Mwishoni inaandika klasi mpya na kupanga upya miruko na urefu wa rundo. Nilitumia ASM. Programu yangu ilikuwa fupi. Ilikuwa na orodha ya sehemu zile 13 kwa jina la klasi na jina la methodi, na popote pasipo kwenye orodha haikugusa. Y16 ilipita salama.

Huenda unajiuliza kwa nini sikurudisha baitikodi kuwa msimbo wa Java, nikarekebisha, nikaipitisha yote kwenye kompaila upya. Vyombo vya kufanya hivyo vipo na nilivitumia, lakini kwa kusoma tu. Ukitafsiri upya programu nzima umebadilisha klasi 300 na itabidi ujibu kwa zote 300. Nilivyofanya, klasi zilizoguswa zilikuwa 6, na zilizobaki ningeweza kuthibitisha baiti kwa baiti kwamba ni zilezile.

Klasi mpya niliiita KiwangoChaVat. Inasoma faili dogo la maandishi lenye mistari 2: kwanza 16, kisha 14 kuanzia 2020-04-01. Jumatatu mhasibu alikaa na kikokotoo akajaribu ankara 20 za zamani na 20 za uongo za Aprili, hadi senti. Jumanne jioni, kabla ya kafyu, tuliiweka kwenye kompyuta zote 3. Niliacha daftari kwenye droo ya karatasi za ETR: orodha ya sehemu 13, sababu ya kila moja, sehemu 32 ambazo hazikuguswa na kila 16 yake ni ya nini, na mahali nakala ya akiba ilipo. Kuliandika kulichukua muda karibu sawa na kuandika kiraka chenyewe. Mzee aliona ninajaza kurasa akaniuliza, "Kijana, hiyo nayo ninailipia?" Nikamwambia ndiyo, Mzee, na pengine ndiyo sehemu yenye thamani zaidi. Akacheka, akalipa.

VAT ilirudi 16 Januari 1, 2021. Mimi nilikuwa Nairobi kwa kazi nyingine. Mhasibu alilifungua daftari, akaongeza mstari wa tatu kwenye faili, akanitumia ujumbe kunijulisha. Hakuniuliza kitu.

Kisa cha dunia

Desemba 2021 ufundi huuhuu ulitumika kwa kipimo kikubwa ajabu. Iligunduliwa kwamba Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, ilikuwa na tundu lililopewa jina Log4Shell. Mtu wa mbali angeweza kutuma maandishi fulani, Log4j ikayaandika kwenye kumbukumbu, na katika kuyaandika ikaenda kuchota msimbo wa adui na kuuendesha. Uzito wake ulipimwa 10 kati ya 10. Maktaba hiyo ilikuwa imejificha ndani ya programu zisizohesabika, nyingi zikiwa kama ile ya Nakuru: zinakimbia, na mwenye msimbo hajulikani aliko.

Wahandisi wa Amazon walitoa kiraka cha aina ya pekee. Tangu Java 6 ya 2006 kuna njia rasmi ya kuingiza ajenti ndani ya mashine pepe na kubadilisha baitikodi ya klasi zikiwa tayari zinafanya kazi. Ajenti wao aliitafuta klasi ya JndiLookup, akaingia kwenye methodi yake moja, na kuigeuza iwe inarudisha maandishi yasiyo na madhara badala ya kwenda kuchota chochote. Programu haikuzimwa hata kidogo. Ni kama kumbadilishia dereva tairi huku gari likienda!

Lakini Aprili 2022 watafiti wa Palo Alto Networks walitangaza kwamba huduma iliyokuwa ikisambaza kiraka hicho ilikuwa na matundu yake. Ilizunguka ikitafuta kila kinachokimbia kwa jina la java na kukiita kwa mamlaka makubwa. Adui angeweza kuipa programu yake jina la java, akaitwa kwa mamlaka hayo. Amazon walirekebisha. Sisemi hivi kuwacheka, kwa maana kiraka chao kilizuia madhara mengi. Ila ona jambo lilelile likirudi: huduma ilitambua jina java, kama vile mpwa wa mzee alivyotambua 16, na jina halikutosha kusema ni java ipi.

Tangu hapo Java imekaza na kulegeza kwa pamoja. Kuanzia Java 21 ya 2023, ajenti akiingizwa kwenye programu inayokimbia, mashine hutoa onyo. Na Java 24 ya Machi 2025 imekuja na maktaba yake rasmi ya kusoma na kuandika mafaili ya .class, ili vyombo visitegemee ASM pekee. Ufundi huu si wa pembeni tena.

Mnaoanza, ushauri wangu ni huu. Jizoezeni na javap kwa programu zenu wenyewe, ni bure na inafungua macho. Siku mkiitwa kwenye kazi kama ile, msikubali kubadilisha nambari ambayo hamjaijua ni ya nini, hata kama kila mtu anataka kwenda nyumbani. Waulizeni wanaoitumia programu. Mimi maswali yangu mawili makubwa yalijibiwa na mpakiaji mizigo na mhasibu, na hakuna kati yao aliyewahi kuona baitikodi.

Na wewe mwenye duka au shule au sacco unayetengenezewa programu leo: andika kwenye mkataba kwamba utakabidhiwa msimbo chanzo, na siku ukikabidhiwa mwite mtu mwingine aukague kama kweli unatafsirika. Fanya hivyo kabla ya kulipa awamu ya mwisho. Ukishalipa, simu zinaanza kutoshikwa.

Haya, tukutane tena. Nikipata nafasi nitaandika jinsi ya kutumia ASM hatua kwa hatua, kwa mfano mzima mnaoweza kuujaribu nyumbani.